Nani Ataviangalia Vikongwe?

Mkutano ulifanyika kwenye karakana yetu kwa sababu moja tu: sisi ndio tuliokuwa na viti. Mke wangu anadarizi nembo za sare, za shule, za walinzi, za timu za mpira, na wateja wake ni watu wa kusubiri. Mtu anayesubiri amesimama hukasirika mapema. Kwa hiyo tuna viti.

Ana mashine mbili za kudarizi, zote za Kampuni. Nasema Kampuni kwa sababu katika kazi hii kubwa ni moja, na ukitamka hivyo kila fundi anajua unamsema nani. Mimi ninazitengeneza upande wa chuma: mikanda, gia, mafuta. Upande wa kompyuta sigusi. Huko ni kwa shemeji yangu.

Shemeji yangu tunamwita Kobe. Jina alipewa na dada yake, yaani mke wangu, kwa sababu ukimwuliza swali asubuhi jibu linafika jioni. Mama yao alifariki Kobe akiwa bado mdogo, dada akamlea, akamsomesha, na mpaka leo anaishi kwetu. Mchana alikuwa akitengeneza printa kwenye ofisi moja ya bima. Akirudi alikuwa na kazi nyingine, ambayo halipwi.

Kazi hiyo ilianza hivi. Mashine za mke wangu zilikuwa hazikubali mchoro wowote ila uliotoka kwenye programu ya Kampuni, na programu yenyewe ilikuwa imefungwa kwenye kompyuta moja tu. Kompyuta ikafa. Tukapiga simu. Wakatujibu kwa adabu kubwa kwamba mashine za aina ile hawazihudumii tena, tununue mpya. Mashine zilikuwa nzima, hazina hata doa la kutu. Kilichokufa kilikuwa ruhusa.

Kobe akakaa nazo miezi. Akachomeka waya, akasikiliza mashine inaongea nini na kompyuta, akaandika, akafuta. Siku mashine ilipodarizi ua la kwanza bila ruhusa ya mtu, dada yake alilitoa kwenye fremu, akaligeuza mbele na nyuma, akasema, "Baya kweli ua hili. Nifanyie jingine." Kisha akaenda chooni kulia. Najua kwa sababu alikaa sana.

Programu aliiita Mshono, akaiweka mtandaoni iwe huria: yeyote achukue, aifungue aone ilivyoandikwa, aibadilishe anavyotaka, ampe mwenzake, sharti likiwa moja, kwamba na yeye asimfungie mwenzake. Watu wakaja kusaidia, wengi wa nchi ambazo sitazikanyaga. Baada ya muda Mshono ukawa unaendesha mashine za kila aina. Ile sehemu ya kwanza, ya kufungua mashine kuukuu za Kampuni, wenyewe wakaipa jina la utani: Vikongwe. Mke wangu alikuwa akijaribu kila toleo kabla halijatoka, kwa hiyo naye akahesabiwa mwanachama mwenye kura. Mimi nikahesabiwa mtu wa viti.

Watu wa Mshono wana desturi yao. Hakuna kinachosemwa pembeni. Kila mkutano unaandikwa papo hapo kwenye ukurasa ulio wazi kwa dunia nzima. Neno likitoka mdomoni limeshafika huko. Waliwahi kugombana juu ya rangi ya kitufe, na ugomvi wote upo pale, matusi pamoja na nukta zake. Anayeandika ni Katibu, mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, mama mwenye sauti kubwa na vidole visivyojua kupumzika. Ameifanya kazi hiyo tangu Mshono ulipoanza.

Sasa Kampuni ikawa imeomba kukutana nao. Ikamtuma mwanamke mmoja wa makamo, amevaa viatu vya chini, na kabla hajaomba kiti aliomba kuziona mashine.

"Hizi ndizo?"

"Ndizo," mke wangu akasema. "Marehemu wenu."

Mjumbe akacheka, akashika kichwa cha sindano kama mtu anayejua kinavyoshikwa. "Mimi nilikuwa mtu wa programu huria kabla sijaajiriwa," akasema. "Msinione adui."

"Adui hatumpi kiti. Kaa."

Akakaa. Akatoa karatasi za kutunza siri, moja kwa kila mtu. Mpaka pande mbili zikubaliane, alisema, yanayosemwa humu yabaki humu. Wakasaini wote: Kobe, Katibu, mke wangu. Na mimi nikasaini, ingawa sikuwa na siri ya kutunza zaidi ya idadi ya viti.

"Kila mashine mpya tutakayotoa itatoka na Mshono ndani yake," Mjumbe akaanza. "Haitakuwa programu yetu. Itakuwa yenu, kwa leseni yenu ileile. Kobe na wenzake wawili tutawaajiri, na kazi yao itakuwa Mshono tu. Mashine za kufanyia majaribio tutaleta."

Kobe alikuwa anatazama sakafu yenye vipande vya uzi.

"Na nyinyi mnataka nini?" Katibu aliuliza bila kuinua kichwa. Vidole vyake vilikuwa vinakwenda kwenye kompyuta ya mapajani.

"Vikongwe vitoke."

"Vitoke viende wapi?"

"Vitoke kwenye Mshono. Vinavunja kufuli letu. Wanasheria hawawezi kuliweka jina la Kampuni kando ya kitu kinachovunja kufuli la Kampuni."

"Kufuli la nyumba mliyokwisha kuihama," mke wangu akasema.

"Ni kweli, dada. Lakini bado ni letu."

"Na mashine zangu?"

"Hilo nimekuja na jibu lake. Karakana hii itapewa mashine mpya. Zawadi."

"Na wenye mashine kama zangu huko kwingine?"

Mjumbe akanywa maji. "Siwezi kuwapa wote."

"Sasa mimi nipewe peke yangu, kwani ni bibi harusi?"

Hapo simu ya Kobe ikatoa mlio. Ikatoa wa pili. Kisha ikawa inalia mfululizo kama kifaranga aliyekanyagwa. Kobe akaitoa mfukoni ili aizime, akasoma, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akazungumza haraka.

"Katibu. Unaandika wapi?"

"Pale pale."

"Pale pale wapi?"

"Kwenye ukurasa wetu, Kobe. Kwani huwa naandika wapi mim..." Vidole vikasimama. Katibu akaangalia kioo cha kompyuta yake kama mtu anayeangalia mguu wake na kukuta kiatu si chake.

Mke wangu akainama juu ya bega lake, akasoma kwa sauti. "Kipengele cha kwanza. Wanachama wote waliohudhuria wamesaini karatasi ya kutunza siri. Mjumbe amesisitiza kwamba mazungumzo haya yasitoke nje."

Hakuna aliyecheka mwanzoni. Kisha Mjumbe mwenyewe akaanza, akajifunika uso kwa viganja, mabega yakimtikisika.

"Mkono ulienda wenyewe," Katibu akasema. "Wallahi, mkono ulienda wenyewe. Umezoea."

Chini ya maandishi yake watu walikuwa wanaandika yao, kutoka kila upande. Kobe akasoma ya mshona kofia mmoja aliye mbali sana, mwenye mashine kama zetu: "Mazishi ya mashine yangu ni lini? Nauliza nisije nikachelewa." Chini yake mwingine alikuwa ameandika kwamba ameshachukua nakala ya Vikongwe na kuihifadhi kwake. Chini yake kulikuwa na mwingine tena, na mwingine. Leseni iliwaruhusu. Ndivyo Kobe alivyoiandika.

Simu ya Mjumbe nayo ikalia. Alitoka nje kuijibu, akarudi amepungua kidogo. "Nikiwa kwenu ningeandika vilevile," alimwambia Katibu. "Lakini siko kwenu." Akaaga kila mmoja kwa mkono, hata mimi, akaondoka.

Katibu alitaka kujiuzulu siku hiyo hiyo. Kobe akamwambia kwamba kama atajiuzulu itabidi kuwe na mkutano wa kumkubalia, na nani ataandika?

Tulidhani yameisha. Kumbe Kampuni ilikuwa inautaka Mshono kuliko tulivyojua. Siri ilikwisha kumwagika, wakaona hakuna haja ya kuizoa; wakaleta pendekezo lao tena, safari hii hadharani, kwenye ukurasa uleule. Yote yalibaki kama yalivyokuwa, ila zawadi ya mashine mpya, ambayo mke wangu alikuwa ameshaikataa kwa maandishi na matusi mawili. Na kifungu kimoja kikaongezwa. Kwa kuwa nakala za Vikongwe zilikuwa zimeshatapakaa na hakuna wa kuzirudisha, Kampuni ilitaka Kobe mwenyewe aweke saini kwamba, muda wote atakapokuwa mwajiriwa wao, hataandika, hatarekebisha, hatashauri wala hatamwonyesha mtu yeyote jambo lolote la Vikongwe, iwe kazini au nyumbani.

Ukiwa na akili unaona walichokuwa wanakitaka. Nakala ziko kila mahali, lakini aliyezielewa kwa ndani ni mmoja. Kompyuta hubadilika kila mara, na Vikongwe visipobadilishwa pamoja nazo vinakwama. Kampuni haikuhitaji kuua kitu. Ilihitaji mganga asiende kwa mgonjwa.

Wakabishana kwetu, mezani, sahani zikiwa bado hazijaondolewa. Katibu alikuwa amekuja kwa ajili hiyo.

"Nguo ya kuazima haisitiri matako," akasema. "Leo wanatupa mshahara, kesho wanatuambia rangi ya kitufe, keshokutwa wanatuambia nani aingie mkutanoni. Nimemaliza."

"Hujamaliza," mke wangu akasema. "Wewe hujawahi kumaliza."

"Basi naendelea. Mradi huu ulizaliwa kwa sababu yao. Waliwafungia watu milango. Sasa tunakwenda kukaa sebuleni kwao?"

Kobe alingoja mpaka akawa na uhakika kwamba amenyamaza. "Mashine kuukuu zinapungua," akasema. "Kila mwaka zinapungua. Mpya zinaongezeka, na mpya zimefungwa vibaya zaidi kuliko hizi. Tukikataa, Kampuni itaandika yake, itaifunga, na sisi tutabaki na programu nzuri ya mashine ambazo hazipo. Tukikubali, kila anayenunua mashine mpya anapata iliyo wazi. Hajui hata kuna watu waliopigania. Anaitumia tu. Si ndicho tulichotaka?"

"Tulitaka kwa wote."

"Kwa wote hatuwezi."

"Tulikuwa tunaweza mpaka wiki iliyopita."

Kobe akavua miwani, akayafikicha macho. Ni kweli alikuwa amechoka. Alikuwa akirudi kutoka kwenye printa zake, anakula amesimama, anakaa kujibu watu. Mtu wa mbali anamwandikia kwa hasira kwamba programu ya bure imemharibia shati moja. Alikuwa na rafiki wa kike, mwuguzi, mtu mpole. Yule binti alimwacha bila ugomvi; alisema tu kwamba amechoka kuzungumza na mgongo wake.

"Na wewe shemeji?" akaniuliza.

"Mimi?" nikasema. "Mimi naona kobe akipata gari asilikatae kwa sababu magurudumu si miguu yake. Lakini pia naona dereva si yeye."

"Hilo ni jibu?"

"Umeuliza mtu wa viti."

Basi akamgeukia dada yake, na hapo ndipo nilipojua kwamba mazungumzo yote yale yalikuwa njia ndefu ya kufika pale.

"Dada, ukisema nisisaini, sisaini."

Mke wangu alikuwa anakusanya mifupa kwenye sahani moja. Akaendelea kuikusanya. "Hapana."

"Hapana nisisaini?"

"Hapana, sisemi. Unataka nikukataze. Nikikukataza, utabaki na printa zako, na kila ukipita karibu na mashine zangu utaziangalia kama zimekula maisha yako. Sitaki. Wewe ni mtu mzima, una ndevu. Amua."

"Na mashine?"

"Mashine ni zangu. Nitaziangalia."

"Utaziangalia vipi, dada? Hujui kuandika hata mstari mmoja."

"Yule wa kofia anajua kidogo. Mimi najua mashine, yeye anajua kidogo. Tutaongeza."

Katibu akapiga meza. "Na mimi nitaandika mikutano yenu!"

"Mungu atuhurumie," Kobe akasema, na wote tukacheka, hata yeye.

Kura ilipigwa ukurasani. Waliokubali walizidi, lakini si kwa wingi wa kujivunia. Mke wangu aliandika ndiyo. Watu wa mashine kuukuu walimtukana sana kwa ndiyo hiyo. Hakuwajibu. Kobe akasaini, Vikongwe vikatolewa kwenye Mshono, na wiki hiyo hiyo mshona kofia akafungua mradi mpya kwa jina hilohilo, mke wangu akiwa mwanachama wa kwanza na Katibu akiwa katibu.

Nisiwadanganye: mambo yalikwenda vizuri. Kobe akapata meza yenye dirisha na kiti kinachozunguka. Akawa anarudi mapema. Akaanza kula ameketi. Hata alinenepa shingo, dada yake akawa anamwita bosi. Mshono ukatoka kwenye mashine mpya kama walivyoahidi, na makosa yaliyokuwa yakikaa mwaka mzima bila mtu wa kuyarekebisha yakawa yanarekebishwa kabla ya mtu kulalamika. Mjumbe alitimiza neno lake kila mahali lilipoandikwa. Ng'ambo ya barabara jirani yetu akanunua moja ya mashine hizo. Kuianzisha kulikuwa kwepesi. Alichora nembo kwenye kompyuta yake ya zamani, akabonyeza, ikadarizi. Alikuja kumshukuru Kobe. Kobe akaona haya, akamwambia si yeye peke yake.

Kisha kompyuta ya mke wangu ikajisasisha. Hakuiambia. Asubuhi aliiwasha, ikamwomba asubiri, akasubiri, na ilipomaliza mashine zote mbili hazikusikia tena inachosema. Alikuwa na oda ya nembo za shule, ya kufungulia muhula. Sare zilikuwa zimeshakatwa.

Alimpigia mshona kofia. Huyo tukawa tunamwona kwenye simu, iliyoegemezwa kwenye kopo la mafuta: paji la uso pana, na nyuma yake kofia zimepangwa kwenye rafu mpaka juu. Kwake nako mashine ilikuwa imegoma. Hawakuwa na wa kumuuliza zaidi ya wao wenyewe, wakaanza.

Niliwasikia siku nzima. "Jaribu sasa." "Imekataa." "Sasa?" "Imetoa mlio lakini imekataa." "Mlio gani?" "Kama mtu anayekohoa kwa makusudi." Mke wangu alikuwa anamweleza kila kinachotikisika, yeye anabadilisha mstari, anatuma, anajaribu tena. Kobe akirudi kazini alipita moja kwa moja chumbani kwake. Kati ya karakana na nyumba palikuwa na uwazi tu, kwa hiyo hata ukijifungia chumbani unasikia kila kitu. Akawa anatoka kwenda kutembea. Kobe hakuwahi kuwa mtu wa kutembea.

Siku iliyofuata mashine ikakubali kushona. Mke wangu alipiga kelele za furaha, mshona kofia akapiga zake, nikaja mbio nikidhani mtu ameumia. Walipoitoa nembo kwenye fremu, maandishi ya shule yalikuwa yamekaa kinyume, kama unayasoma kwenye kioo, na yamevutika upande.

Jioni nembo ile ilikuwa mezani kati ya sahani. Sijui kama mke wangu aliisahau pale au aliiweka. Sikumuuliza.

Kobe alikula. Akafika katikati ya chakula, akaichukua. Akaangalia mbele. Akaigeuza, akaangalia mgongo wake, ambako nyuzi zinaonyesha sindano ilianzia wapi. Akaangalia kwa muda mrefu, na uso wake ukabadilika kidogo tu, kama wa mtu anayekumbuka mahali alipoacha funguo. Kisha akairudisha alipoitoa.

"Sema," mke wangu akasema.

"Siwezi, dada."

"Hutaki au huwezi?"

"Nimesaini."

Nilikuwa na neno langu, nikalimeza na kipande cha nyama. Tulikuwa watatu tu mle ndani, madirisha yamefungwa. Nani angejua? Lakini mke wangu ndiye aliyemlea, na najua alimlea vipi. Katika nyumba yake mtoto aliyetoa neno alilitimiza hata kama lilimuumiza, na asiyetaka kulitimiza hakulitoa.

"Basi kula," akasema. "Chakula kinapoa."

Wakala wote wawili. Kobe akaomba chumvi, akapewa.

Asubuhi mwalimu mkuu wa shule ile alikuja mwenyewe. Alikuwa mpole, na alikuwa na haraka. Mke wangu alimpeleka ng'ambo ya barabara kwa mkono wake, akamwambia jirani amhudumie vizuri, huyu ni mteja wa miaka. Jirani akaimaliza oda ile kwa mashine yake mpya. Tuliziona nembo zikitoka kwenye mifuko, safi, kila herufi mahali pake. Mke wangu aliomba moja, akaiweka kwenye mwanga.

"Mshono huu ni wa Kobe," akasema. "Kona hii, inavyogeuka. Hakuna mwingine anayegeuza kona hivi." Akairudisha. "Kazi nzuri."

Mshona kofia alilipata tatizo baadaye, oda ikiwa imeshaondoka. Ulikuwa mstari mmoja ambao kompyuta baada ya kujisasisha iliusoma kutoka mwisho. Mtu anayejua angeliona kwa nusu saa. Wao liliwachukua sehemu kubwa ya juma. Lakini walilipata, wakalirekebisha, wakaliweka wazi kwa kila mwenye mashine ya namna hiyo, na Katibu akaandika kwenye ukurasa wa Vikongwe nani alifanya nini. Mahali pa jina la mke wangu aliandika "mtunzaji". Mke wangu akamwambia afute, yeye si mtunzaji, ni mwenye mashine tu. Katibu akasema haiwezekani kufuta, imeshaandikwa.

Jioni ile Kobe alikuja kukaa nami nje, nilikokuwa nasafisha gia kwa mafuta ya taa.

"Nitahama, shemeji," akasema.

"Umemwambia dada yako?"

"Bado."

"Kwa nini unahama? Ana hasira?"

"Hana. Ndiyo tabu yenyewe." Akachukua kitambaa, akanisaidia kufuta gia moja, akaiweka. "Itakwama tena. Kompyuta zitabadilika tena, itakwama, na nitakuwa chumbani nasikiliza. Nitasikia wanakosea wapi. Nikisema, nimevunja neno. Nisiposema, nimekaa nyumbani kwake, nakula chakula chake, nanyamaza."

"Acha kazi ya Kampuni, basi."

Alifikiri. Nilimaliza gia mbili akiwa anafikiri. "Jana mtu mmoja ameniandikia," akasema. "Ana mashine mpya. Anasema hajui kama kuna kitu kinaitwa programu ya kulipia. Hajui hata kulikuwa na kufuli. Nataka wengi wawe hivyo. Siachi."

"Na Vikongwe?"

"Navyo nataka viishi."

"Huwezi kutaka vyote."

"Kutaka naweza," akasema. "Nisichoweza ni kushika."

Mke wangu aliposikia habari za kuhama alicheka kwanza, halafu akakasirika, halafu akasema upuuzi gani huu, mtu anahama nyumbani kwao kwa sababu ya kelele. Akaja kwenye ule uwazi kati ya karakana na nyumba, akasimama, akaupima kwa mikono aliyoitandaza.

"Mume wangu, unajua kutengeneza mlango?"

"Naweza."

"Wa mbao nene. Nikiwa upande huu na mashine, yeye akiwa upande ule, asisikie kitu, na mimi nisimwone anavyosikia. Tukitoka tumetoka, tumekutana mezani, ni ndugu." Akamwangalia Kobe. "Au Kampuni imekataza mlango?"

"Haikukataza," Kobe akasema.

Nilinunua mbao, nikatengeneza fremu, nikaupiga randa mara mbili kwa sababu sakafu ile haiko sawa. Kobe alinishikia nilipokuwa nakaza skrubu za bawaba. Alisimama upande wa nyumba, mimi upande wa karakana, na nyuma yangu mashine zilikuwa zinafanya kazi, mke wangu akimwambia mshona kofia jambo fulani kuhusu uzi wa bluu.

"Inua kidogo," nikamwambia. "Hapo. Shikilia."

Akashikilia mpaka nikamaliza. Nikampa patasi aondoe mbao kidogo mahali palipokuwa panagusa, upande wake, kwa sababu mimi nilikuwa siuoni. Akaondoa, akapuliza unga. Kisha akaufunga, akausukuma kwa bega kuona kama unashika.

Ulishika.